Betri Nzito ya Mama Pacha

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, asubuhi, Mama Pacha alisimama mbele ya kaunta ya fundi wa betri akiwa na kitafutasamaki ndani ya kikapu. Kifaa hicho kilikuwa na kioo kidogo kama cha simu, pamoja na kihisio kinachoshushwa majini kwa waya. Kikiwashwa, samaki walio chini ya mtumbwi huonekana kwenye kioo kama vijipinde. Kilikuwa mali ya kikundi cha wanawake wavuvi wa kijiji cha kilimani, juu ya bwawa la umeme, nao walikiita Jicho.

Mama Pacha na wifi yake ndio waliokabidhiwa kukijaribu. Kila walipofika mbali, Jicho lilizimika, nao wakarudi na kikapu chepesi. Mwenyekiti wa kikundi alikwisha kutamka kwamba wasipoleta samaki wa maana kufikia Jumamosi, Jicho litapewa mtumbwi mwingine. Bwawa lile lilikuwa pana, na pacha wake wawili walikuwa katika umri wa kumaliza chungu kabla hakijapoa.

"Mlikuwa mnalitilia nini?" fundi aliuliza.

"Betri za tochi, tumezifunga pamoja kwa mpira."

"Hizo ni za kutafutia kiatu chini ya kitanda, mama."

"Na kabla ya hapo tulikuwa na betri ya maji ya pikipiki," wifi alisema akiwa nyuma yake. "Ilimwagika mtumbwini, ikala sketi yangu kwa nyuma. Nilitoka majini kinyumenyume, watu wakadhani nina adabu."

Fundi aliweka betri mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya lithiamu, nyepesi kama mche wa sabuni. Nyingine ilikuwa betri kavu ya madini ya risasi, iliyozibwa pande zote, nzito kama mtoto aliyelala.

"Chukua nyepesi, wifi. Mbebaji ni mimi," wifi yake alimwambia.

"Nyepesi inakaa na chaji, siwadanganyi," fundi alisema. "Ila ina ulinzi ndani yake. Umeme isioufahamu inaukataa. Hii nzito haina maringo. Ukiipa, inapokea."

Mama Pacha aliufikiria mtumbwi wao, ambao ulikuwa na tabia ya kuinua pua upepo unapovuma. Kitu kizito mbele kingeutuliza. Akachagua betri ya risasi. Wifi yake aliibeba hadi kilimani.

Kilimani hapakuwa na mahali pa kuichaji. Nyaya kubwa zilizotoka bwawani zilipita juu ya mapaa zikivuma, zikaelekea mjini. Watu wa kijiji kile walihamishwa kutoka bondeni maji yalipoanza kujaa, wakaahidiwa kuwa wa kwanza kuwashiwa umeme. Tangu hapo kila mwenye betri aliishusha mjini kwa fundi, na siku ya kuchaji ikawa siku isiyo na uvuvi.

Jumatano na Alhamisi waliambulia kitoweo tu. Ijumaa asubuhi alama ya chaji ilikuwa imeshuka karibu na mwisho. Kwenda mjini kungewamalizia siku. Mama Pacha akageuza mtumbwi kuelekea juu ya kijiji cha zamani kilichozama, mahali ambapo hapakuwa na mvuvi mwingine, kwa kuwa nyavu zilinasa kwenye mapaa. Wao walivua kwa mishipi.

Jicho lilichora kwanza tope, kisha ukuta, kisha paa lenye pembe iliyobonyea. Mama Pacha aliifahamu ile pembe; mume wake aliibonyeza kwa ngazi mwaka waliooana. Chini ya paa kulikuwa na dirisha linalong'aa, na mbele ya dirisha samaki walikuwa wamesongamana.

"Hilo si jiko lako?" wifi aliuliza.

"Ndilo."

"Mbona umeacha taa inawaka?"

"Sikuwahi kuwa na taa."

Walisogea kidogo. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa ikiwaka pia, hata chooni. Shule ilikuwa inawaka madarasa yote. Kijiji kizima kilikuwa na umeme.

Jicho likafifia. Mama Pacha akaurudisha mtumbwi juu ya jiko lake, akachukua waya mrefu uliokuwa na vibanio, akafunga jiwe kwenye ncha moja na kuishusha dirishani taratibu, kama mtu anayempokeza jirani chombo juu ya ua. Waya ulivutwa kidogo, ukakaza. Akabana ncha ya pili kwenye betri. Betri ikapata joto la wastani, na alama za chaji zikapanda zote.

"Ile nyepesi ingekataa," alisema.

"Sijasema kitu," wifi alijibu, akachomeka chambo.

Walirudi mtumbwi ukiwa umezama hadi karibu na ukingo. Jumamosi mwenyekiti alikitazama kikapu, akauliza kuhusu betri kabla ya kuuliza kuhusu samaki, kisha akatangaza kwamba Jicho libaki lilipo. Alipoambiwa kuhusu choo chake, alisema taa ile alikuwa ameiomba kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alikwenda kwenye ofisi ya umeme, kwa sababu aliona ni haki waambiwe. Ofisa alimpa kiti.

"Kijiji chenu kilikwisha kuunganishwa," ofisa alisema. "Kila nyumba taa na soketi."

"Nyumba zipi, mwanangu?"

"Zilizokuwa kwenye ramani."

"Ramani ilichorwa kabla ya maji."

"Ndiyo, mama. Kazi ilifanyika kama ilivyochorwa. Taa zinawaka vizuri?"

"Zinawaka."

"Basi hakuna malalamiko," alisema, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima.

Nyaya kubwa bado zinapita juu ya kilima bila kusimama. Lakini kila asubuhi mtumbwi wa Mama Pacha hushuka na betri za majirani, zote za risasi, na Jicho huionyesha kila betri nyumba ya mwenyewe. Jioni nyumba za kilimani zina mwanga, na darasa la kisomo cha watu wazima, lililokuwa likikutana saa za uvuvi, sasa hukutana baada ya kazi. Wifi anasoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Zipo nyumba chache huko chini ambazo hazijafikiwa na waya, kwa kuwa wenyewe walihama mbali na hakuna ajuaye waliko.

Kwa hiyo wewe uliyefika hapa, ikiwa unamfahamu mtu aliyetolewa bondeni kwa ajili ya bwawa, mfikishie habari hii, na umwombe naye aipeleke kwa mwenzake. Nyumbani kwake taa inawaka. Aje na waya mrefu, na asidanganywe na betri nyepesi.