Umri wa Damu ya Mwanakuu

Mejumaa alitoka kwa watafiti na barua mbili mkobani, yake na ya pacha wake Mwanakuu, na kabla hajalifikia gari lake alikuwa ameshazifungua zote mbili. Subira hakuzaliwa nayo.

Walizaliwa siku moja, wakafanana hata baba yao akiwachanganya. Sasa walikuwa na miaka sitini na saba. Ndiyo maana Beryl, binti aliyekuwa akipima damu za wazee, alifurahi sana kuwapata. Aliwaeleza kwamba kadiri mtu anavyoishi, vialama vidogo hujibandika kwenye vinasaba vyake, na kwa kuvisoma wao hukadiria mwili umechakaa kiasi gani. Havitaji siku ya kufa, alisisitiza. Mwanakuu alitia sahihi majibu yake apewe ndugu yake, maana yeye hakuwa na nafasi ya kutoka tena.

Mwili wa Mejumaa ulikuwa na miaka sitini na mmoja. Wa Mwanakuu, sabini na minane.

Aliketi garini akalia. Hakuhitaji kufafanuliwa. Yeye aliolewa Kizingo, akapata wa kumpikia na wa kumfulia. Mwanakuu alibaki Kuze na mama yao, ambaye mwaka wa kumi na tisa huu hajakanyaga chini: kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kuamka kila anapoguna. Mejumaa alikuja Ijumaa, na halua. Tusimwonee, alikuja kila Ijumaa; lakini mgonjwa hageuzwi kwa halua.

Na mwaka huu kulikuwa na safari ya hija. Hakuna kati yao aliyewahi kwenda, na mmoja lazima abaki na mama. Kwa mara ya kwanza Mejumaa aliahidi kubaki yeye, Mwanakuu aende na mwanawe Ubaid. Majina yalitakiwa kesho.

Njia nzima alijiapiza kusema ukweli. Lakini alipomkuta pacha wake ameinama uani akikamua shuka za mama, mgongo umepinda, ujasiri ulimwisha.

"Karatasi yasemaje?" Mwanakuu aliuliza. "Nisomea, mato yangu hayaoni."

"Tu sawa, nduyangu. Sitini na mmoja, mimi na wewe."

Alidhani anampa zawadi. Mwanakuu alimshukuru Mola, akacheka mpaka akalazimika kukaa kitako. Kisha akajipangusa mikono.

"Basi nenda wewe na mumeo mwaka huu. Mimi wakati ningali nao."

Mejumaa alikataa. Akamkumbusha ahadi. Mwanakuu alimweleza kwa upole kwamba alichokuwa akikihofia ni kufa kabla hajaenda. Sasa hofu imemtoka, na magoti ya Taib, mume wa Mejumaa, hayatangoja.

Hapo ndipo ilipombidi aseme. Angesema tu nimekudanganya, basi, yangeisha. Badala yake alikwenda kitandani kwa mama, aonyeshe kuwa anaweza. Akatia mkono chini ya bega lake amgeuze. Mama, asiyeona tena, aliukamata ule mkono, akakipapasa kiganja laini, akaanza kutetemeka.

"Ni nani huyu? Mwanakuu, kuna mtu anishika."

"Ni mimi Mejumaa, mama. Mwanao."

"Mtoe."

Mwanakuu alikuja akamgeuza mara moja, na mama akatulia. Mwanakuu hakumlaumu mtu. Alimwambia tu pacha wake kwamba amejionea mwenyewe. Yeye ataenda mwakani, inshallah, mama akishamzoea Mejumaa.

Mejumaa alijichukia kuliko siku zote za maisha yake. Aliutazama uso wa ndugu yake, namna ulivyokunjuka kwa furaha, akajua kwamba akisema atampokonya hata hiyo, na bado hatakuwepo wa kumgeuza mama. Akaitikia inshallah. Kisha akamuuliza amletee nini kutoka Maka.