Swichi ya Véronique

Haya niliambiwa na Restituta wa Bukiriro, mwaka tisini na tano, tukipura maharage nyumbani kwangu Kibimba. Yeye alikuwa akiuza ndizi katika kambi ya wakimbizi.

Kambini alikuwapo mama mmoja, Véronique, na binti yake Uwase wa miaka minne. Siku wakimbizi walipohesabiwa, wawili hao walikuwa porini wakitafuta kuni, hawakuandikwa. Tangu siku hiyo makarani wa chakula hawakuwaona tena. Majirani waliwaona vizuri, hata kiberiti walikuja kuazima kwao. Lakini karani Leonidasi, msomi wa kalamu tatu mfukoni, Véronique akisimama mbele yake, yeye aliona kilima cha nyuma.

"Bwana karani, mtoto wangu amebaki shingo na macho."

"Leo upepo mwingi," Leonidasi alimwambia mwenzake.

Utamlaumu? Jicho la ofisi huona kilichoandikwa.

Véronique akaenda kwa mzee Manirakiza, fundi redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Uwase. Bado hawakuoni?"

"Wananikanyaga miguu."

"Basi vaa taa. Vitu huwa wanaviona."

Akampa balbu ya tochi, nyaya, na betri mbili kuukuu zilizoanikwa juani mpaka zikapata nguvu kidogo. Swichi hakuwa nayo. Véronique akaishona mwenyewe: vipande viwili vya kitenge, kila kimoja ndani kina karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na katikati yao kipande cha blanketi chenye tundu. Waya mmoja huku, mwingine kule. Ukibonyeza, karatasi zinagusana tunduni, taa inawaka. Ukiachia, blanketi linazitenganisha. Swichi akaishonea kifuani mwa gauni, balbu begani, betri kiunoni.

Siku ya mgao alipanga foleni, akabonyeza. Leonidasi akainua uso.

"Karibu," aliiambia balbu. "Jina?"

"Véronique," alisema Véronique.

Leonidasi alisubiri, hakusikia kitu, akaandika: Balbu.

"Mko wangapi?"

Véronique akabonyeza mara mbili.

"Acha ujanja. Naona moja."

Penye umri akaandika: bado mpya. Kadi ikatoka na muhuri, na chakula cha mtu mmoja kikapimwa kwa haki kabisa. Balbu haikugusa hata punje, kwa hiyo mama na mtoto waligawana.

Uwase aliposhikwa na homa, Véronique alimpeleka zahanati ya kambi na kadi ile. Muuguzi akaifuta balbu vumbi kwa pamba, akasema inaendelea vizuri.

Wiki ya tatu likatoka tangazo: kesho alfajiri watahesabu upya, nyumba kwa nyumba, na atakayekutwa amezimika atafutwa. Véronique alikwenda kuomba yeye na mtoto waandikwe kwa majina yao. Leonidasi aliisifu balbu kwa kuwahi, akasema mkimbizi mtulivu kama huyu hajampata bado.

Jioni Véronique alisonga ugali. Uwase akala, homa ikiwa imepungua, akalala na tonge mkononi. Mama yake akakwangua ukoko, akala, akaosha sufuria. Halafu akalala kifudifudi, ili uzito wake uibonyeze swichi mpaka alfajiri, na bega likawaka. Betri zilikuwa zimeanikwa siku nzima. Akausogeza mguu wa mtoto, akasinzia.