Mbuzi Kumi, Mazizi Matatu

Tangu alfajiri Mkasi hakukaa kitako. Alichemsha chai akaisahau jikoni, akafunga mlango, akarudi mara mbili kuhakikisha ameufunga, akafika ofisini na kandambili za kuogea. Siku nyingine wenzake wangemcheka mpaka basi. Leo walimtazama miguu, kisha kila mtu akajitia ana kazi nyingi.

Mkasi lilikuwa jina la kazini. Katika gazeti lao la kila wiki, yeye ndiye aliyesoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni na kukata makosa, na alikuwa hana huruma. Barua ya kwanza ya mapenzi aliyoandikiwa maishani aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ajabu ni kwamba jamaa alimwoa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa baba yake, Mzee Tega kwa wasomaji, mzee wa vitendawili na chemshabongo. "Kwa wenye meno ya utotoni na kwa waliokwisha kung'oka yote," ndivyo alivyoutangaza, miaka thelathini na moja. Na alikuwa na ukaidi wake mmoja: jibu haliandikwi popote. Fumbo linatoka wiki hii, jibu linakaa kichwani mwake siku saba, halafu siku ya kuchapa anakuja mwenyewe kwa miguu yake kulisema. Aliamini watu wa mtamboni watawavujishia shemeji zao. Mkasi alimbembeleza sana amwandikie walau kwenye kikaratasi, na kila mara mzee alijibu lile lile: "Nipe mji kwanza."

Haya, matokeo ndiyo hayo. Siku sita zilizopita Mzee Tega alianguka bafuni. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukafungika. Daktari alisema mwili huenda ukarudi kidogo kidogo. Kuhusu akili alisema tusubiri tuone, na tangu hapo Mkasi hakupata usingizi wa maana. Asubiri nini? Alitaka kujua kitu kimoja tu: baba yake bado yumo mle ndani, au ameshaondoka na kuacha macho?

Na fumbo lilikuwa limeshatoka. *Mfugaji ana mbuzi kumi na mazizi matatu. Awaweke mbuzi wote mazizini, na kila zizi liwe na idadi witiri. Hachinji, hauzi, haazimi.*

Jamani, simu! Mwalimu mmoja mstaafu alipiga mara tano, na ya tano alikuwa anafoka. Witiri tatu ukizijumlisha hazizai kumi hata uzipigie magoti, mtoto wa darasa la nne anajua! Mkasi alijaribu juu ya bahasha, juu ya risiti, juu ya kiganja chake. Tano, tatu, mbili. Mbili imeharibu. Saba, moja, mbili. Mbili tena, mshenzi huyu.

Saa nne mhariri alimwita. Mhariri alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye taabu, maana mtu mbaya ungemtukana ukamaliza. Alimsogezea karatasi moja.

"Dada, pitia hii. Saa sita inakwenda mtamboni."

*Fumbo la wiki iliyopita lilikuwa na kosa. Tunaomba radhi. Ukurasa huu sasa unapumzika.*

"Unapumzika mpaka lini?"

"Tuseme ukweli, dada yangu. Mzee alikuwa ameshachoka kabla hajaanguka. Ushahidi si huu hapa?"

Alitamani kumng'ata. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo, na kwamba ukurasa ule aliupitisha kwa mkono wake. Aliisoma ile radhi akitafuta kosa, hata mkato mmoja tu uliokaa vibaya. Haikuwa na kosa. Akaichukua, akatoka mbio, kandambili zikipiga makelele barazani.

Hospitali ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Muuguzi alimpokea mlangoni mwa wodi, mikono kiunoni.

"Afadhali umekuja. Mzee wako ana vita na vyombo leo."

Juu ya kabati la kitandani palikuwa na kikombe cha plastiki, bakuli na beseni. Kikombe kilikuwa kimetiwa ndani ya bakuli, beseni limesukumwa pembeni. Mkasi, kama alivyofanya wiki nzima, alikitoa kikombe na kuvipanga vitatu hivyo mstari mmoja, safi. Mzee akaguna. Mkono wa kushoto ukanyanyuka polepole, ukakirudisha kikombe ndani ya bakuli.

"Kiu, Baba?" Alimletea maji, mzee akageuza uso. "Uji?" Wapi. Mkasi akakitoa kikombe tena. Mzee akakirudisha. Akakitoa. Akakirudisha.

"Baba, hebu tulia basi!"

Mara akaona haya, maana asiyetulia alikuwa nani? Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda, akarudi, kisha akaifungua ile karatasi mbele ya uso wa baba yake.

"Wanasema ulikosea. Wanataka kuufuta ukurasa. Ulikosea, Baba? Nionyeshe chochote, nakuomba."

Mzee hata hakuitazama karatasi. Alimtazama yeye, kwa jicho lile lile la zamani, enzi Mkasi ana miaka saba na amevimbisha mashavu, hataki kusema ameshindwa, hataki kutoa mji, na baba yake amemwacha ajipike siku tatu.

Kidole cha kushoto kikagonga kikombe. Kikagonga bakuli. Kikajivuta mpaka kwenye beseni, kikaligonga nalo. Halafu mkono ukakitoa kikombe na kukitia tena ndani ya bakuli, taratibu, namna mtu anavyomwelekeza mtoto mgumu wa kuelewa.

Vitatu.

"Zizi ndani ya zizi," Mkasi akasema. "Mungu wangu! Zizi ndani ya zizi!"

Akaichana ile radhi vipande kumi. Vitatu akavitia kikombeni. Vinne akavimwaga bakulini, kukizunguka kikombe. Na kwa kuwa mbuzi walio kikombeni wamo bakulini pia, bakuli likawa na saba. Vitatu vya mwisho kwenye beseni. Tatu, saba, tatu, na mbuzi ni kumi. Alihesabu mara ya pili kwa sababu ndiyo kazi yake. Hapakuwa na kosa.

Hapo alilia. Wiki nzima baba yake alikuwa anamjibu, na yeye wiki nzima alikuwa anamsahihisha.

"Nani kanijazia takataka kwenye vyombo?" muuguzi akauliza.

Mkasi alijifuta pua kwa mkono. "Nimeshindwa, Baba. Nakupa mji."

Jicho la kushoto likasubiri.

"Chukua huu huu tuliomo."

Kidole kikanyanyuka juu ya shuka, kikatikisika kulia, kushoto. Mdogo. Haujawahi kumtosha mji wa kwanza, tangu lini!

Simu ikalia mfukoni. Saa sita kasoro dakika ishirini.

"Ile karatasi iko wapi, dada? Mtambo unasubiri."

"Nimeichana. Fumbo halina kosa, na jibu ninalo, nimepewa na mwenyewe."

"Mwenyewe? Si hasemi? Haya, nisomee basi niandike, upesi!"

Mkasi alisogeza shuka, akakaa kitako pembeni ya kitanda.

"Subiri kidogo," akasema. "Mzee bado anadai mji mwingine."