Rimoti Mpya ya Gereji ya Verna

Verna Lindholm aliachana na mumewe Royce mwezi Septemba. Mahakama ya mji wao wa Duluth ikampa Verna nyumba na vyote vilivyomo, na Royce akatia sahihi mbele ya hakimu. Lakini sahihi ya Royce ilikuwa kama kiapo cha mlevi. Kila Verna alipokuwa kazini kwenye jiko la shule, Royce alikuja na pikapu, akabonyeza rimoti aliyoondoka nayo, mlango wa gereji ukapanda, naye akajichukulia. Kwanza alibeba msumeno, kisha ngazi. Mara ya tatu akaja kuchukua mashine ya kuondolea theluji, na alipokuwa akirudisha pikapu nyuma akaikanyaga rimoti ya Verna, iliyomdondoka asubuhi ile uwanjani. Hata vipande hakuokota.

"Wanaume wengine wakiondoka huacha moyo umevunjika," Verna alimwambia dada yake kwenye simu. "Wangu kaniachia mlango wazi."

Jumamosi akaburuta meza ya jikoni hadi gereji, maana ngazi haikuwepo, akapanda kuitazama mota ya mlango iliyoning'inia darini. Miaka ishirini na sita Royce alikuwa akimwambia mota ile ina akili yake, asiiguse. Verna akachungulia nyuma yake. Palikuwa na kitaa kidogo cha umeme, na kando yake kitufe cha zambarau, ukubwa wa punje ya dengu. Akakipiga picha kwa simu, akaenda dukani.

Muuzaji alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri kuliko alivyozijua bidhaa zake.

"Mzee nyumbani ana mota ya aina gani, mama?"

"Nyumbani hakuna mzee. Kuna mota."

"Basi chukua hii. Inakubali zote. Unaiunganisha na simu, unafungua mlango hata ukiwa Florida."

"Nikiwa Florida nifungue mlango wa Duluth ili iweje? Aingie nani?"

Muuzaji akacheka peke yake. Verna alikuwa ameshaligeuza boksi na kusoma mgongo wake.

"Kitufe cha mota yangu ni cha zambarau. Hapa wameandika inafaa njano na kijani tu. Zambarau iko wapi?"

"Aa, hizo rangi si hoja sana."

"Wewe umeshawahi kuunganisha rimoti na mota hata moja, baba?"

Yule bwana akajikuna ndevu. Verna akainama, akachomoa kutoka rafu ya chini kabisa rimoti ndogo ya vitufe viwili, iliyoandikwa zambarau waziwazi, akaenda zake kulipa.

Maelekezo yalikuwa nusu ukurasa. Akapanda tena mezani. Yalisema: bonyeza kitufe cha mota usiachie mpaka kitaa kizime, mota itasahau rimoti zote ilizozijua. Akabonyeza, akahesabu hadi sita, kitaa kikazima. Popote ilipokuwa, rimoti ya Royce ikawa kipande cha plastiki. Kisha akakibonyeza kile cha mota mara moja, akaachia, akashikilia kitufe cha rimoti mpya. Taa ya mota ikakonyeza. Akaibonyeza rimoti tena, na mlango ukapanda kwa mngurumo wake wa siku zote.

Haikufika hata dakika.

Verna akabaki amesimama juu ya meza. Kila walipopata rimoti mpya, Royce kazi hii alikuwa akiianza baada ya chakula cha mchana, akaimaliza jioni, mlango wa ndani kaufunga, matusi yanasikika hadi sebuleni. Naye Verna alikuwa akimpelekea mikate ya nyama, na kumwonea huruma! Kumbe bwana alikuwa amekaa tu humo, anakunywa bia na kuitukana mota isiyo na kosa.

Jumatatu theluji ikafunga shule. Saa nne pikapu ikaingia uwanjani. Verna alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa. Royce akanyoosha mkono, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akashuka, akausogelea mlango, akaielekeza rimoti kama anayetishia mbwa. Akatoa betri, akailamba, akairudisha.

Verna akavaa koti, akatoka barazani.

"Mlango una nini huu?" Royce akafoka.

"Hauna kitu. Haukujui tu."

"Acha mchezo, Verna. Nimefuata ile jiliwa ya kubania vyuma."

"Jiliwa ya baba yangu? Ile aliyokutazama ukibanwa nayo kidole siku ya kwanza ulipoigusa?"

Royce akawa mwekundu shingoni. "Umemwita fundi gani?"

"Fundi wa nini? Nimeunganisha rimoti mpya mwenyewe."

"Wewe?" Akacheka, kisha cheko likamwishia mdomoni, maana mlango bado ulikuwa umefungwa.

"Ukirudi kuchukua kitu changu, mashine ya theluji utakwenda kuieleza mahakamani. Na irudishe kabla ya Ijumaa."

Akarudi ndani. Kupitia dirishani alimwona Royce amekaa ndani ya pikapu, bado anabonyeza, midomo ikimchezacheza. Alipoondoa gari, magurudumu yakazunguka bure kwenye theluji, akalazimika kushuka na kuchimba kwa mikono.

Verna alitegemea kufurahi. Badala yake uso ukamwaka kwa aibu: huyu ndiye mtu ambaye alikuwa akiogopa hata kumkatiza asemapo, miaka yote ile. Akamimina kahawa nyingine.

Alhamisi akakuta mashine ya theluji imeachwa uwanjani, bila hata tone la petroli.