Nani Mwingine Alikuwepo

Mwongozo wa wadodosaji ulikuwa na kurasa arobaini na moja. Nilikuwa nikiusoma kwa uvivu wa mtu anayejua tayari atakachoandika, mpaka nilipofika ukurasa wa thelathini, palipoandikwa: "Kila mhojiwa apewe nusu mche wa sabuni ya bluu baada ya mahojiano, si kabla." Nikairudia sentensi ile. Kisha nikaweka kalamu chini, maana pua yangu ilikuwa imekwisha kuinusa sabuni yenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwanamke mmoja mwenye viatu vya kamba na ubao wa kuandikia alikuja nyumbani kwetu mara nne mwaka ule. Alikalia kiti chetu pekee chenye miguu minne mizima, akamuuliza mama maswali, na alipoondoka akatuachia nusu mche wa sabuni ya bluu. Watoto wa mtaani tulimwita Dada wa Sabuni. Tulidhani kazi yake ni kugawa sabuni, na kwamba maswali aliyauliza kwa kupenda umbea tu.

Kumbe sisi tulikuwa kundi la kulinganishia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika tathmini ya miradi ya jamii na sera za umma. Mama huwaeleza wateja wake kwamba mwanawe anasomea kukagua kama msaada umesaidia, na mpaka leo sijasikia mhadhiri aliyeieleza fani hii vizuri zaidi. Msimamizi wangu alikuwa amenikabidhi data za zamani za mradi wa kikapu. Nusu ya mitaa, iliyochaguliwa kwa kura, ilipewa unga, maharage na mafuta kila mwezi. Nusu nyingine haikupewa kitu. Iliulizwa tu maswali yale yale, ili tofauti ionekane. Swali kuu lilikuwa hili: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mlilala bila kula? Wenye kikapu na wasio na kikapu walijibu karibu sawa. Wakubwa wakasema kikapu hakisaidii, mradi ukafungwa.

Mimi nilitakiwa kurudia hesabu kwa mbinu mpya, na hesabu zangu ziliwaunga mkono wakubwa. Zilibaki wiki tatu kukabidhi tasnifu. Hitimisho nilishaliandika, na nililipenda, kwa sababu lilikuwa na ile sauti kavu ya watu wanaoheshimiwa. Kama kila kitu kingekwenda sawa, ningehitimu mwaka huo huo.

Sasa nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Majina yalikuwa yameondolewa kwenye data, kama inavyotakiwa, lakini mengine yote yalikuwepo. Nikatafuta kaya ya mama mshonaji, binti wa miaka tisa, mapacha wachanga, na mume "yuko safarini". Ilikuwa moja tu. Baba yuko safarini hadi leo. Nikaangalia jibu la awamu ya kwanza, siku za kulala bila kula, nikakuta sifuri. Nikaifunga kompyuta kwa kishindo hadi wenzangu maktabani wakageuka.

Sifuri ile ilinichoma. Nakumbuka vizuri jioni ambazo mama alituambia tulale mapema kwa sababu kesho kuna shule, hata kama kesho ilikuwa Jumamosi.

Mwisho wa wiki nilikwenda kwake. Nilimkuta kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho duka, akipinda pindo la gauni la buluu iliyokoza. Lilikuwa gauni langu la mahafali. Alikuwa amelianza bila kuniuliza rangi wala kipimo, akidai kwamba mwili wangu anaujua kuliko mimi. Nikamuuliza kama anamkumbuka Dada wa Sabuni. Akasema, huku pini zikiwa zimebanwa midomoni, kwamba anavikumbuka viatu vyake. Nikamuuliza alimjibu nini kuhusu chakula.

"Nilimwambia tunakula vizuri."

"Lakini tulikuwa hatuli, mama."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Hakuwa na haraka.

"Wewe ulikuwa wapi nikimjibu?"

Nikasema sikumbuki.

"Mlangoni. Umeshika kitasa, umenikodolea macho. Ulitaka nimwambie mgeni kwamba wanangu wanalala njaa, na wewe unasikia?"

"Njaa nilikuwa nayo mwenyewe. Nilikuwa najua."

"Ulijua tumbo lako," mama alisema. "Hukujua kwamba mimi sina la kufanya. Hilo ndilo nililokuficha."

Akazirudisha pini mdomoni, na mazungumzo yakaisha. Baadaye aliniamuru nisimame nijaribu gauni, akalalamika kwamba masomo yananikondesha.

Jumatatu niliurudia mwongozo, safari hii kwa adabu. Mwishoni kabisa mwa hojaji, baada ya sabuni, mdodosaji alitakiwa kujaza jambo moja dogo: nani mwingine alikuwepo wakati wa mahojiano? Hakuna, mtoto (wachanga hawakuhesabiwa), au mtu mzima. Safu hiyo ilikuwepo kwenye data, imejazwa kwa uaminifu, na hakuna aliyewahi kuigusa. Hata mimi nilikuwa nimeificha kwenye skrini ili isinijazie nafasi.

Nikaifungua. Wanawake wa kikapu walihojiwa ghalani, walipokwenda kuchukua unga, na wengi walikwenda peke yao. Wanawake wasio na kikapu walihojiwa nyumbani, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyesimama mahali akisikiliza. Nilipowalinganisha wale tu waliojibu wakiwa peke yao, tofauti ikajitokeza waziwazi. Wasio na kikapu walilala njaa siku mbili zaidi kila wiki. Kikapu kilikuwa kimesaidia muda wote ule. Nilijisikia vibaya kwa hitimisho langu zuri.

Msimamizi wangu, sisi wanafunzi tunamwita Daktari Kwanini, na jina hilo hakulipata bure. Nilimweleza habari ya safu, kisha nikamweleza habari ya mama. Akavua miwani.

"Kwa nini uliutafuta mstari wa kaya yenu?"

Alisema kaya yetu itoke kwenye uchambuzi, na tasnifu iseme wazi kwamba imetoka na kwa sababu gani. Safu ibaki, kwa sababu safu ni ya watu wote.

"Wiki tatu hazitoshi kuandika upya," akaongeza. "Utahitimu mwakani."

Nikamwambia najua.

Mchana ule nilirudi maktabani kuifuta kaya yetu, na kabla ya kuifuta nikaisoma yote. Awamu ya kwanza, mtoto alikuwepo, sifuri. Awamu ya pili, mtoto alikuwepo, sifuri. Awamu ya tatu, hakuna mwingine aliyekuwepo, siku nne.

Nilikumbuka mara moja. Shangazi alikuwa amejifungua, nami nikapelekwa kwake wiki mbili nimsaidie kubeba mtoto. Kule nilikula hadi nikasahau nyumbani. Na mama, mlango ukiwa mtupu, alikuwa amemwambia mgeni wa viatu vya kamba ukweli wote. Awamu ya nne nilikuwa nimerudi. Sifuri.

Nililia pale pale mbele ya watu, bila hata kujificha nyuma ya skrini. Kisha nikauchagua mstari. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikakubali. Kaya zikawa mia nane na kumi na moja.

Nilitoka nje nikampigia mama. Nikamwambia gauni lisubiri hadi mwakani, kuna kazi nairudia. Nikasikia cherehani ikisimama. Nilitegemea aulize kwa nini.

"Umekula lakini?"

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Nimekula, mama," nikasema. "Nimekula vizuri."