Mabano ya Mwashi

Hakuna mtu Kampala hii anayeweza kuigiza mbele yangu nisimgundue. Anayelia kilio cha uongo msibani, anayechechemea akiomba nauli, mwalimu anayejifanya hajakasirika: wote nawasoma kabla hawajamaliza kuvuta pumzi. Kipaji hicho ndicho nilichotoka nacho sekondari kule Kibuli. Cheti nilipata pia, lakini hicho ni kama picha ya pasipoti: ni mimi, ila sipendezi.

Kwa hiyo Mji wa Chokaa ulinifaa. Ni mchezo wa mtandaoni usio na picha wala sauti, maandishi matupu, ndiyo maana hata kompyuta za kukodi za Cleopas pale Namuwongo, zinazotetemeka treni ikipita, ziliumudu. Unaandika "fungua lango", sentensi inakujibu kwamba lango limelia na kufunguka. Lakini huingii kama wewe. Humo mimi sikuwa Kidega, mtoto wa sajini wa polisi. Nilikuwa Jemadari Sumbi, mlinzi wa lango, ambaye baba yake amezikwa chini ya ngome. Jemadari haijui Kampala. Ukimwuliza mechi iliishaje, atakuuliza mechi ni mnyama gani. Ukitaka kusema kama wewe mwenyewe, unafungua mabano mawili, unasema, unafunga mawili. Neno lolote nje ya mabano ni la mhusika wako, na litajibiwa hivyo. Anayekiuka, mhusika wake anafutwa.

Rafiki yangu Tresor alikuwa mwashi wa mji. Nje ya mchezo alikuwa kijana wa Butembo, Kongo, aliyewaona waliochoma duka la baba yake, akawataja kwa majina, na familia ikalazimika kuvuka mpaka kwa sababu hiyo. Mwashi wake alisema Kiswahili kilichonyooka, cha vitabuni. Ila Tresor alikuwa na ugonjwa wa mabano. Maadui wamezingira ngome, yeye: ((ngojeni, mama ananiita)).

"Ndugu, unatuharibia vita," nilimwambia tukiwa kwa Cleopas. "Adui atasubiri mama yako apike ugali?"

"Bugali," alinisahihisha. "Na atasubiri. Hujui bugali ya mama."

Akaenda kununua chapati. Nami nikaing'oa kibodi ya kompyuta yake, ile ya kona, kitufe cha kufungulia mabano, pamoja na kimpira chake cha chini. Nilitaka nione atatokaje. Tresor alibonyeza tundu, akalalamika, Cleopas akasema ataleta kibodi nyingine. Cleopas husema mengi.

Siri hiyo nilimwambia mmoja tu, tena nilijua si mtu: kipofu aliyekaa langoni mwa mji. Ukimpa sadaka anasema, "Mungu akuone." Basi. Nilimchukulia ni kifaa cha mchezo, kama ukuta. Nikamnong'oneza: "Nimemng'oa mwashi ulimi. Ninao mfukoni."

Mchana mmoja nilikuwa nacheza kutoka Bugolobi, mtaa mwingine, Tresor yuko kwa Cleopas. Kwenye skrini mwashi akaja langoni.

Mwashi anasema: "Jemadari, bantu babili bako ku mulango. Banauliza miye."

Nilifurahi, sitaficha. Mwashi kabadilisha lahaja, kachukua ya Butembo! Kumbe na yeye anaweza kuigiza. Nikaandika: Jemadari anacheka. "Waambie walipe ushuru kwanza."

"Ni bale ba Butembo. Ita baba yako. Sasa."

Baba yangu, Sajini Onen, alikuwa zamu katika kituo kilicho ng'ambo ya reli, hatua chache kutoka kwa Cleopas. Simu ilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu. Lakini Jemadari hana simu, na baba yake ni marehemu.

"Baba yangu yuko chini ya ngome, mwashi. Ukimhitaji, chimba."

"Miye Tresor."

"Mji huu hauna Tresor."

Kipofu akainuka, akaondoka bila kuomba kitu. Baadaye mchezo ukaandika: Mwashi ameganda kama jiwe. Huandika hivyo mchezaji akiiacha kibodi bila kutoka mchezoni. Nikampa alama za juu kwa uigizaji, nikaenda kula.

Cleopas alieleza kwamba wale wanaume walikuwa na adabu. Waliuliza, "Kijana wa Butembo yuko?" Mmoja alimsaidia Tresor kubeba mkoba. Alitoka nao, ungedhani wanakwenda kunywa soda. Baba ndiye aliyekikuta kiatu kimoja cha Tresor kando ya mfereji. Cha pili hatujakiona. Wala yeye.

Mimi na Baba tulikwenda nyumbani kwao kukaa na mama yake, Mama Nabintu. Nilijiandaa na mzaha mmoja mdogo wa kumchangamsha. Ulinifia mlangoni.

"Kidega mwana wangu," akasema, "wewe ulikuwa naye mu kompyuta. Hakusema kitu?"

"Mama, mtandao ulikatika. Angeandika hata neno moja, banange, si ningempigia mzee palepale?"

Baba aliitikia kwa kichwa, akakubali. Mama Nabintu naye akakubali. Nikaanza kupumua, mkono mmoja mfukoni, nikikizungusha kile kitufe.

Princesse, dada yake Tresor, alikuwa anamimina chai. Ni msichana ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya karibu. Alinipa kikombe bila kuinua uso.

"Mungu akuone, Jemadari," akasema.

Chai ilinimwagikia gotini. Sikuisikia.

"Nilikuwa kwenye kompyuta kule Kibuli," Princesse aliendelea, polepole, kwa kila mtu. "Nimekaa langoni, mimi ndiye kipofu. Tresor hawezi kuandika 'miye' kama haogopi. Nikatoka mchezoni, nikakimbia na miguu yangu hadi Namuwongo. Nikakuta kiti kingali na joto." Kisha akaigiza sauti yangu, sawasawa kabisa, vizuri kuliko ninavyoiigiza mwenyewe: "Baba yangu yuko chini ya ngome, mwashi. Ukimhitaji, chimba."

Baba aliweka kikombe chini. "Baba gani yuko chini?"

Nilitabasamu. Sijui kwa nini. Ni uso wangu tu, umezoea.

"Afande," Princesse akamwambia, "mwambie atoe mkono mfukoni."