Mnyororo wa Kiongozi

Meli ya watalii ilipotia nanga kijijini, huko Grinlandi, Pipaluk alikuwa akichuna sili, mnyama wa baharini, nje ya nyumba yake. Yowe likamshtua. Mgeni mmoja, kwa huruma zake za mtalii wa kiangazi, alikuwa amemfungua mnyororo mbwa kiongozi wa sleji, gari la kukokotwa thelujini, yule aliyemrudisha Pipaluk nyumbani katika kila tufani. Sasa mbwa amemng'ata mgeni huyo mkono, anamburuta kwenye mawe.

“We mama, kwani melini hamkuambiwa msiguse mbwa?” Pipaluk akapaza sauti.

Akanyakua bunduki, akamlenga mbwa sikioni, akafyatua. Damu ikamrukia mgeni usoni.

“Muuaji!” mgeni akafoka. “Hukuwa na njia nyingine?”

“Nilikuwa nayo,” Pipaluk alisema, akiuinua mnyororo uliojaa manyoya. “Wewe ndiye uliyeifungua.”